Waya Mwekundu

Mwaka wa kwanza kuna mtihani ulituuliza kazi za kapasita. Nikaandika: huzuia mkondo mnyoofu, hupitisha mkondo geu. Alama zote nikapata, nikatoka kifua mbele. Miezi michache baadaye nikaunguza spika ya rumeti wangu kwa sababu ya sentensi hiyohiyo.

Jamaa alikuwa na subufa ndogo ya volti 12. Ndiyo iliyokuwa inatuchangamsha chumba kizima, na wikiendi aliikodisha kwenye bethidei za hosteli, akapata hela ya kula bumu likichelewa. Ikaanza kutoa sauti nyembamba, besi hakuna. Yeye yuko kipindini, mimi nikaifungua. Kati ya IC na spika nikaona kapasita kubwa, mikrofaradi 1000, imevimba kichwa. Nikawaza kama mtu mwenye akili: sauti inatoka huku inakwenda kule, na hiki kitu kilichokufa kimekaa njiani. Nikakitoa, nikaunganisha kipande cha waya mwekundu.

Nilipowasha, koni ya spika ikaruka mbele, dup! Ikabaki hukohuko mbele. Mimi nikadhani ndiyo besi imerudi, kumbe spika inasukumwa na umeme usiokoma. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini kubwa. Baada ya muda chumba kikanuka plastiki iliyoungua, kisha kimya.

Rumeti aliporudi nikamwambia spika ilikuwa imechoka. Tukachanga ya kununua nyingine, yeye elfu nane, mimi elfu nane.

Nikaipeleka kwa fundi peke yangu. Akaangalia waya wangu, akacheka mpaka akaweka chini kifaa cha kuchomea risasi. "Mwalimu, hii umeiua wewe." (Akisikia tu unasoma ualimu, basi jina ni hilo.) Akachomoa spika, akaweka mita kwenye njia ya kutokea sauti, muziki ukiwa haupigi kabisa. Volti 6. Subufa ya aina hii ina chanya na hasi tu, kwa hiyo IC hukaa katikati, nusu ya volti 12, ili sauti ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Sauti ni ule mtikisiko juu ya hizo 6. Kapasita inaruhusu mtikisiko upite, volti 6 zenyewe inazibakiza nyuma. Bila hiyo, volti 6 kwenye spika ya omu 4 ni ampia 1.5, sawa na wati 9 za joto tupu, hata wimbo ukinyamaza. Spika yenyewe iliandikwa wati 5. Hesabu ya kidato cha pili!

Na ile besi niliyokuwa naitafuta? Ilipotea kwa sababu kapasita ilikuwa imechoka. Yenye mikrofaradi 1000 kwenye omu 4 huanza kupunguza sauti zilizo chini ya hezi 40 hivi. Uwezo wake ukishuka nusu, mpaka unapanda hadi 80, na besi inaliwa. Nilihitaji kapasita nyingine ya shilingi elfu moja, basi.

Fundi akanionyesha na amplifaya kubwa iliyokuwa mezani. Hiyo ina umeme wa chanya na wa hasi, sauti inatokea kwenye sifuri, kwa hiyo haihitaji kapasita pale. Badala yake ina relei: unawasha, inasubiri sekunde chache, ndipo unasikia "tik" spika zinaunganishwa. Volti isiyotakiwa ikitokea, inazikata. Miaka yote nilidhani ule mlio ni mbwembwe.

Mwaka huu nikiwa field, nilifika kwenye mada ya kapasita. Nikaunganisha betri nne, kapasita, kizuizi na kitaa cha LED: kikawaka, kikafifia, kikazima. Darasa likashangilia. Dada mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa faida ya kuzuia ni nini?" Nikawasimulia habari ya subufa yote, nikisema "mtu mmoja aliweka waya." Yuleyule akanyoosha tena mkono. "Na mwenye spika alimwambiaje?"

Nikasema muda umekwisha, ingawa kengele ilikuwa bado.

Jioni nikamtumia rumeti elfu nane kwenye simu. Akajibu dakika hiyohiyo: "Kaka, ya nini hii?" Nikaanza kuandika meseji, nikafuta, nikampigia.