Mali bila daftari

Tulipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Bukavu, baba yetu alitutumia feza kila mwisho wa mwezi. Alizipata kwa kuuza maharagwe na muhogo wa shamba lake. Nasi tulinunua viatu vya kung'aa, shati la tano na uniti za simu. Kabla mwezi haujafika nusu, tulikuwa tukikopa unga kwa jirani.

Mara moja tulirudi nyumbani bila kutazamiwa, tukamkuta dada yetu mdogo akichota maji saa ya masomo. Alikuwa amerudishwa kwa kukosa karo, kwani feza zake tulitumiwa sisi. Hakutulaumu. Alivitazama viatu vyetu, akanyamaza.

Basi tukaviuza, tukanunua daftari. Kila jioni tuliandika kila franka iliyotoka. Na kabla ya kununua tulijiuliza: Je, ni haja au ni tamaa? Mashati mawili yakatutosha, naye dada akarudi darasani.

Enyi wanafunzi, wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabuni basi, maana kila franka mliyotumiwa, mtu wa nyumbani ameikosa.