Nusu ya Kazi ni Mwanga

Ufundi wa vioo vya rangi niliupatia Nairobi, katika karakana iliyokuwa ikitengeneza na kukarabati madirisha ya makanisa. Kijana mgeni alianzia chini: kufagia vumbi la kioo, kunyoosha fito za risasi, kisha kukata vipande kwa kufuata mchoro. Baadaye sana ndipo alipokabidhiwa lehemu. Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila kipande nilichokata alikipeleka kwanza dirishani akakitazama. Juu ya meza, buluu iliyokolea na kijani kilichokolea vyote vilionekana vyeusi. "Rangi imo ndani, mwanangu," aliniambia, "ila jua ndilo linaloitoa."

Wakati huo mji ulikuwa na mafundi wa kioo, na kule Kitengela Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, aliwafungulia Wakenya wengi mlango wa kazi hii. Mimi nilibaki na madirisha ya makanisa kwa miaka mingi, na huko suala la mwanga halikutusumbua. Waumini huja mchana, na dirisha hutazamana na jua. Mafundi wa Sainte-Chapelle ya Paris, iliyowekwa wakfu mwaka 1248, walitegemea jua hilohilo.

Nyumba ina ratiba nyingine. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo giza huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni karibu mwaka mzima, saa ambayo wenye nyumba ndio kwanza wanatoka kwenye foleni za magari. Nilipoanza kuitwa majumbani niliona hali hiyo kila mara: familia imeketi sebuleni mbele ya dirisha jeusi, huku askari wa getini akilifaidi likiwaka rangi zote kwa taa za ndani. Nilihuzunika kuona kazi ya mikono ya watu ikiwapa kisogo wenyewe.

Kazi iliyonigeuza ilikuwa ya mama mmoja wa Lavington. Alikuwa na dirisha la zamani lililotoka katika nyumba iliyobomolewa Uingereza, na katikati yake alichorwa ndege. Lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta wa ndani na kuwekewa balbu za kawaida kwa nyuma. "Fundi, lilikuwa zuri nilipolinunua," alisema. "Sasa naona balbu tu." Joto lilikuwa limekausha puti, na sehemu ya chini ilianza kufura kama tumbo, kwa sababu risasi ni laini na hutanuka inapopata moto.

Nililitengenezea sanduku. Ndani nilipaka rangi nyeupe isiyong'aa, nikapanga tepe za LED juu ya bamba la alumini ili lipokee joto, na mbele yake nikaweka akriliki nyeupe isiyoonyesha upande wa pili. Kuna kanuni ninayoishika hadi leo: umbali kati ya taa na akriliki usipungue nafasi iliyopo kati ya taa na taa. Ukiupunguza, vitone vya mwanga vitajitokeza na macho hayataona kingine. Uzito wote niliuketisha juu ya mbao imara, maana dirisha la risasi la mita moja ya mraba laweza kufika kilo 20 na zaidi, na nyaya pekee hulivuta hadi likaachana. Nikatoboa matundu ya hewa chini na juu, na mgongoni nikatia bawaba, ili transfoma ikiungua ibadilishwe bila kioo kuguswa.

Kabla ya kufunga taa nilimshikia mama sampuli za taa, moja baada ya nyingine, nyuma ya kipande kimoja chekundu. LED nyingi za bei nafuu zina upungufu wa wekundu, na kioo hakiwezi kupitisha rangi ambayo taa haina. Kwa taa ya kwanza kipande kilikuwa cha kahawia. Kwa taa yenye alama zaidi ya 90 kati ya 100 katika kuonyesha rangi, kilirudia wekundu wake. Mama hakuhitaji maelezo. Tukachagua mwanga wa Kelvini 4000, kwa kuwa ule wa 2700 ulififiza buluu na wa 6500 uliitia kaharabu ubaridi.

Yule ndege ndiye aliyenifundisha zaidi. Manyoya yake yalichorwa kwa rangi ya kahawia iliyochomwa tanuruni juu ya kioo, mistari myembamba kuliko uzi. Mwanga mkali ulikuwa umeyameza. Nilipozungusha swichi ya kupunguza mwanga, yakaanza kuonekana unyoya kwa unyoya, halafu jicho, halafu kivuli chini ya bawa. Kioo cha aina ya maziwa, ambacho John La Farge alikipatia hataza Marekani mwaka 1880 na Louis Comfort Tiffany akakipa umaarufu, husambaza mwanga chenyewe na huvumilia taa yenye nguvu. Kioo angavu kilichochorwa hudai upole, na kila dirisha lazima lipimwe peke yake, usiku, mwenye nyumba akiwa ameketi mahali anapoketi siku zote.

Sasa nina vijana wanaojifunza kwangu. Swali la kwanza nawafundisha wamuulize mteja ni hili: wewe huwa nyumbani saa ngapi? Gharama ya mwanga naiandika kwenye hesabu ya kwanza kabisa, kando ya gharama ya kioo. Mteja akitaka kuipunguza ili aokoe pesa, namshauri apunguze ukubwa wa dirisha. Dirisha dogo lililopata mwanga wake ataliona kila jioni.