Nyuma ya Pazia

Tulikuwa familia mbili katika chumba kimoja, na katikati palining'inia shuka la maua ambalo mama alilishona kwa vipande viwili. Upande huu sisi watano, upande ule Mama Achieng na wanawe. Hizo ndizo zilikuwa laini za polisi, makazi ya askari, mjini Nakuru mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukikohoa, jirani anakuambia pole.

Kwa hiyo baba alipopigwa risasi ya paja na wezi wa mifugo katika Bonde la Kerio, hakuna lililofichika. Alilazwa miezi miwili, kisha akapewa kazi nyepesi ya kukaa kaunta na kujaza OB, kitabu cha matukio cha kituo. Usiku ndio uliokuwa mgumu. Alikuwa akigutuka akiita majina ya watu tusiowajua, akipapasa chini ya kitanda kutafuta bunduki ambayo ilikuwa imefungiwa kituoni. Mama humshika mabega. Nyuma ya pazia husikika kiberiti, kisha jiko la mafuta ya taa, na baada ya muda mkono wa Mama Achieng hupenya chini ya shuka ukisukuma kikombe cha chai ya rangi. Hakuna neno. Asubuhi wanasalimiana kama kawaida.

Nikiulizwa askari aliyeumia kazini alisaidiwaje enzi hizo, mimi hukiona kikombe kile. Serikali ilitibu paja. Fidia baba aliifuatilia miaka minne, kila akienda anaambiwa faili halijaonekana, mpaka nauli ikamshinda. Karo yetu ya muhula ule ililipwa na wenzake, waliochangishana siku ya mshahara. Na kuhusu usiku wake, laini nzima ilikuwa na jibu moja: pombe. Ni kweli alikunywa, lakini alianza kunywa ili apate usingizi. Hilo nimelielewa nikiwa mtu mzima, na linaniuma, kwa sababu hata mimi nilimwita mlevi.

Maneno "ushauri nasaha" niliyasikia mara ya kwanza redioni, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998. Manusura walikuwa wakihimizwa waende wakazungumze na mtu. Baba alisikiliza kidogo, akapunguza sauti. "Hao ni raia," alisema.

Mdogo wangu alikwenda chuo cha polisi cha Kiganjo hata hivyo. Novemba 2012, askari zaidi ya 40, wengi wao vijana waliotoka mafunzoni juzijuzi, waliviziwa na kuuawa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, wakifuata mifugo iliyoibwa. Yeye alikuwa katika kundi lililotumwa kutafuta miili. Krismasi hiyo alikuja nyumbani, tukachinja mbuzi. Nyama ilipoanza kunukia motoni aliondoka, tukamkuta nyuma ya tangi la maji amejiziba pua kwa kola ya shati. Mama alimtazama yeye, akamtazama baba, akaenda kuinjika chai.

Septemba 2018 askari waliambiwa watoke laini wakapange nyumba kwa posho. Niliwafurahia wake zao, maana najua pazia lile lilikuwa fedheha. Lakini mdogo wangu alipanga chumba Rongai, peke yake, na nyuma ya ukuta wake hakukuwa na mtu wa kuwasha kiberiti. Kila niliposoma gazetini kwamba askari amejiua, nilimpigia simu kabla ya kumaliza habari yenyewe.

Tume ya huduma kwa polisi, iliyozaliwa na Katiba ya 2010, baadaye ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoteuliwa Desemba 2022, nalo likapewa kazi ya kuchunguza maslahi ya polisi. Mdogo wangu alijua pa kwenda, na bado alikaa mwaka mzima bila kwenda. Alihofia kupokonywa bunduki na kurukwa vyeo. Hofu hiyo ipo hadi leo, na wenzake wawili wamekataa katakata. Hatimaye alikwenda, amevaa kiraia. Mshauri akamuuliza analala saa ngapi. Alilia papo hapo. Miaka yote hiyo, anasema, watu walimuuliza anaingia zamu saa ngapi.

Haya alitusimulia Pasaka iliyopita, baba akiwa kitini pake, akilisugua paja kama afanyavyo wakati wa mvua. Hakumkatiza hata mara moja. Kimya kilipozidi alikohoa, akauliza:

"Huyo mshauri, anapokea na wastaafu?"

"Sijui, Baba. Nitauliza."

"Uliza."