Mnada wa hewa

Wadau, mwajua hewa nayo hupigwa mnada? Oktoba 2022 TCRA iliuza masafa ya redio kwa kampuni za simu, ikakusanya takriban dola milioni 187. Mwenye dau kubwa ndiye aliyeondoka nayo.

Mnunuzi lazima arudishe pesa yake, hivyo hukimbilia kwanza penye wateja wengi. Bukoba mjini hawabembelezwi. Visiwani Muleba je, Bumbire na Goziba? Huko mnada hugeuka: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutangaza zabuni ya minara, na anayeomba ruzuku ndogo ndiye hushinda.

Kwangu mimi, mnada usipimwe kwa dola tu. Upimwe kwa mvuvi wa Goziba: ziwa likichafuka usiku, simu yake inashika?