Mbwa Mwitu wa Mkomazi na Mbwa Wetu wa Tegeta

Ukikaa Tegeta huhitaji kwenda mbali kusikia sauti za mbwa. Usiku, malori ya saruji kutoka Wazo yakiisha kupita, huanza wao: mmoja Kibaoni, wa pili Salasala, wa tatu upande wa Boko, hata ukadhani mji mzima unajibizana. Wengi wao hulala nje ya geti, hula kinachotupwa, wala hawajaonana na sindano ya chanjo tangu wazaliwe. Mmoja wao ni wa nyumbani kwangu.

Naanza na mbwa hao kwa sababu nimewaelewa vema zaidi baada ya kuizuru, pamoja na jamaa yangu, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa amesoma kisa cha mbwa mwitu wa Ulaya, yule amezaye vikongwe na watoto, akataka kumwona. Mbwa mwitu wa namna ile hayuko nchini kwetu, wala dubu. Lakini Tanzania ina mbwa mwitu wake, na Mkomazi ni mahali walipotunzwa kwa mkono wa binadamu ili kizazi chao kisikatike.

Kwa mtu wa Tegeta njia ni nyepesi, kwani huna haja ya kuingia mjini. Unashika Barabara ya Bagamoyo, unapita Bunju, na ufikapo Makofia unakata kushoto kwenda Msata. Hapo unaiingia barabara kuu ya kaskazini: Mto Wami, Segera, Korogwe, Mombo. Milima ya Usambara, kisha ile ya Upare, hukusindikiza kwa mkono wa kulia hadi Same. Lango la Zange li karibu na mji huo.

Mkomazi ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ina kilomita za mraba zipatazo 3,200, nayo inapakana na Tsavo ya Kenya. Pori hili halikupatikana bure. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha humo waliondolewa, na baadhi yao walikwenda hadi mahakamani kudai haki yao. Mwenye kusifu uzuri wa Mkomazi bila kulitaja hilo amesema nusu ya habari.

Mwaka 1989 Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyefariki mwaka 2022, alifika kushirikiana na Serikali kulifufua pori hilo. Mwaka 1995 watoto wa mbwa mwitu walikusanywa kutoka nyika ya Umasai wakalelewa ndani ya uzio. Mwaka 1997 wakafuata faru weusi kutoka Afrika Kusini.

Tuliposimama mbele ya uzio, mwanangu alinyamaza kwanza. Kisha akanong'ona: "Baba, mbona hawatishi?" Kweli hawatishi. Wana masikio mapana ya mviringo na mabaka meusi, meupe na ya rangi ya mchanga; wala hutaona wawili wenye mabaka yaliyo sawa. Huwinda kwa pamoja, na warudipo huwatapikia nyama watoto waliobaki shimoni pamoja na mlezi wao. Penye mzoga watoto ndio hutangulia kula. Hata hivyo, kwa miaka mingi walipigwa risasi kama waharibifu, hata ndani ya hifadhi za Afrika. Leo inakadiriwa kuwa hawafiki 7,000 duniani kote.

Lakini risasi siyo adui wao pekee. Mnamo Desemba 2000 maradhi ya virusi yaitwayo distempa yaliingia katika kundi lililokuwa likilelewa Mkomazi. Katika muda wa miezi miwili, kati ya mbwa mwitu 52 walikufa 49. Kazi ya miaka mitano ikabaki na mbwa watatu! Maradhi hayo hayo mwaka 1994 yaliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu wanaamini yalitoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa mwitu nao walikuwa wametoweka katika tambarare za Serengeti mwanzoni mwa miaka hiyo. Ilipofika mwaka 2012 ndipo wengine walipoachiwa huko.

Nilipomweleza mwanangu hayo, akaniuliza: "Na mbwa wetu amechanjwa?" Sikuwa na jibu.

Mwalimu Nyerere alitamka mjini Arusha, Septemba 1961, kwamba wanyama wetu wa porini ni amana tuliyokabidhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Sisi wa mijini tumezoea kudhani kwamba amana hiyo inalindwa na askari wa hifadhi peke yao. Kumbe huanzia getini kwetu. Tena kichaa cha mbwa humuua hata binadamu, na dalili zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tusiingoje ifike.

Jumatatu iliyofuata tulimfunga kamba mbwa wetu, tukampeleka kwa bwana mifugo. Mwanangu ndiye aliyemshika kichwa.