JAMAA, PIKAPU NA DUMU LA LITA TANO

Ilianza na maji kidogo tu, ya kujaza kikombe.

Kuna jamaa mmoja pale Ilula, kwenye ile barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro, ana pikapu ya dizeli ya silinda nne. Zile za zamani ambazo kila mtu anakuapia kwamba injini yake haifi. Kazi yake ni kuzoa nyanya mashambani na kuzileta barabarani kwa wanunuzi wa Dar, na mara mojamoja anateremka nazo mwenyewe hadi Morogoro. Wanaopita njia ile wanajua, msimu ukikolea matenga yanapangwa kando ya lami mpaka nyumba hazionekani.

Sasa, pikapu ilikuwa na jina la mume kwenye kadi, ila hela ilikuwa ya mke. Mama yule alikuwa na vyerehani vitatu na wasichana wawili anaoshona nao. Akauza viwili, wasichana wakaondoka, kilichopungua akakopa kwenye kikoba. Kila Jumatano ana rejesho, na kuna wanawake wenzake waliomdhamini ambao anakutana nao kisimani, kanisani na msibani. Kwa hiyo gari lile likikohoa, hakohoi mume peke yake.

Ndo maana jamaa alipoona rejeta imepungua maji asubuhi moja, na chini hakuna hata tone, alikaa kimya. Akaongeza. Kesho yake akaongeza tena. Mwezi wa pili ulipoanza tayari ana dumu lake la lita tano nyuma ya kiti, na anaamka saa kumi na moja alfajiri kabla nyumba haijaamka, anajaza, anafunika boneti polepole kwa mikono miwili isije ikapiga kelele. Mwanaume mzima ananyata kwenye uwanja wake mwenyewe.

Dalili zote alikuwa anaziona. Moshi mweupe asubuhi ambao haukatiki hata injini ikipata moto. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama fimbo dakika moja tu baada ya kuwasha, wakati injini bado ya baridi. Mapovu kwenye kopo la akiba la maji, kama kuna mtu anapuliza mrija. Dereva wa miaka mingi akiona hayo anajua kabisa gasketi ya hedi inavujisha: presha ya silinda inasukumwa kwenye njia za maji, na maji nayo injini ikizimwa yanarudi kwenye silinda. Jamaa alijua. Ila kujua na kusema ni safari mbili tofauti.

Kitonga ndiyo ikamuumbua. Alikuwa anarudi kutoka Morogoro na mifuko ya saruji ya mtu pamoja na matenga matupu. Ameshapita Ruaha Mbuyuni, joto la bondeni lile la kwenye mibuyu, akaanza kupanda. Mlima ule hauna huruma, kona juu ya kona, malori mbele yanatambaa, huwezi kupita. Mshale wa joto ukaanza kusogea. Akazima redio, kana kwamba redio ndiyo inayochemsha. Kona ya tatu mshale uko juu kabisa, mvuke unatoka, nyani wamekaa ukutani wanamwangalia. Na haraka zake akafungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Maji yale yakamrukia mkono mzima wa kulia. (Wenye magari, jamani, hata kama mkwe wako anasubiri sendoff, acha ipoe kwanza.)

Akaletewa fundi wa bodaboda kutoka bondeni, kijana mchangamfu, spana kwenye begi la shule. Kijana akamwambia kazi ya siku moja hiyo, bosi, usiwe na presha. Kweli ikawa siku moja. Hedi ikafunguliwa palepale kando ya barabara, gasketi ya bei rahisi ikawekwa na gundi ya silikoni imepakwa juu na chini "ili ishike", boliti zilezile za zamani zikarudi, zikakazwa kwa spana iliyoongezewa bomba, kwa kuhisi. Hakuna aliyepima kama hedi imepinda. Hakuna aliyeuliza gasketi ya kwanza iliungua kwa nini. Themostati ilikuwa imeshatupwa zamani na fundi mwingine kwa ile hoja maarufu kwamba nchi yetu ni ya joto, haina kazi.

Hela ya kumlipa kijana ilitoka wapi? Hapo ndipo pabaya. Ilikuwa hela ya wakulima watatu waliompa nyanya kwa mali kauli. Nyumbani akasema hozipaipu ilipasuka, mkono umeungua kidogo, pole yenyewe yaishe. Mke akampaka asali kwenye kidonda kila jioni kwa wiki nzima na hakuuliza zaidi. Siku hizo za asali ndizo jamaa mwenyewe anasema zilimuumiza kuliko yale maji.

Gasketi ya Kitonga ilidumu siku kumi na tisa. Dumu likarudi nyuma ya kiti.

Ikafika Jumatano moja, mkulima mmoja akagonga mlango. Jamaa hayupo. Mke akamkaribisha chai, wakaongea ya mvua na ya bei ya mbolea, mpaka mgeni akasema kwa heshima kabisa, "Mama, nilikuwa namsubiri baba kwa ile hela ya matenga ishirini." Mama akajibu atampa ujumbe. Usiku hakusema neno. Alfajiri jamaa alipotoka na dumu lake alimkuta mkewe ameshakaa ndani ya gari, kiti cha abiria, kajifunga khanga mbili kwa baridi.

"Leo twende wote, baba."

Jamaa akasimama na dumu mkononi kama mwizi wa mafuta. Ikabidi ajaze maji mbele yake. Lita mbili na kitu zikaingia. Mama akashuka, akainama akaangalia chini ya gari, pakavu. "Hayo maji yanaenda wapi?"

"Yanapungua tu."

"Yanapungua yanaenda wapi?"

Hakujibu. Mama akatoa simu, akampigia jirani mwenye Fuso, na kabla ya saa nne pikapu ilikuwa inavutwa kwa kamba kuelekea Iringa mjini, kwa mzee mmoja ambaye amefungua injini za malori tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Shikamoo baba," mama akasalimia.

"Marahaba mwanangu. Kamwene." Mzee alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga na hakuwa na haraka. Akagusa injini ilivyo baridi, akawasha, akashika ule mpira wa juu. Akatikisa kichwa. Akachomoa kijiti cha oili, akakiangalia kwenye mwanga. Oili ilikuwa nyeusi, haijageuka kuwa kama chai ya maziwa. "Hapo mna bahati," akasema. "Maji yangeingia kwenye oili, mngekuwa mnaongelea beringi na injini nzima." Kisha akamgeukia jamaa. "Imechemka mara ngapi?"

"Mara moja, mzee. Kitonga."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa. "Kijana, sikiliza. Ukiniambia mara moja, nitafanya kazi ya mara moja. Nitabadilisha gasketi nitakukabidhi gari, utaondoka, na mwezi ujao utarudi kunitukana. Injini haina aibu, nikiifungua itaniambia. Ila nataka nijue kabla, nimwambie mama hapa aandae shilingi ngapi."

Palikuwa na vijana wawili wanafungua tairi pembeni, wakanyamaza. Jamaa akaangalia mkono wake wenye kovu jipya. Akasema mara tisa. Akasema dumu lina miezi mitatu. Akasema fundi wa Kitonga, na hela ya matenga, ya yule mkulima na ya wawili wengine. Yote yakatoka palepale kwenye oili na vumbi, mbele ya watu asiowajua.

Mke hakupiga kelele. Wanaomfahamu wanasema afadhali angepiga. Alisema hivi tu: "Hela ya gasketi nitatafuta mimi. Ya wakulima utaenda kuwaeleza wewe, kwa mdomo wako, mlango kwa mlango." Akaenda kukaa kivulini.

Mzee akaanza. Kwanza maji na oili vikamwagwa kwenye beseni. Kila waya ukafungwa kipande cha plasta chenye namba. Mabomba ya dizeli ya nozeli yakazibwa midomo kwa mfuko safi, maana chembe moja ya mchanga inaua pampu. Boliti za hedi hakufungua ovyo, alianzia za pembeni kuja katikati, nusu mzunguko nusu mzunguko, ili hedi isizidi kupinda. Iliponyanyuliwa na watu wawili, ushahidi ukawa wazi. Kati ya silinda ya pili na ya tatu gasketi ilikuwa na mstari mweusi ulioungua mpaka ng'ambo. Pistoni tatu nyeusi kwa masizi, ile ya tatu safi inang'aa, imeoshwa na mvuke siku zote hizo. "Maji yako haya hapa," mzee akamwambia mama. Na silikoni ya Kitonga ilikuwa imejikunja kama minyoo, imeziba matundu mawili ya maji.

Rula ya chuma ikalazwa juu ya hedi kwa urefu na kwa mshazari, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya vikapitishwa chini yake. Katikati kikapita kibati ambacho hakikutakiwa kupita kabisa. Hedi imepinda. Lakini swali kubwa lilikuwa ufa. Hedi za dizeli zilizochemka sana hupasuka kati ya valvu, na hedi mpya ilikuwa nje ya uwezo wao, labda cherehani cha mwisho kiuzwe na kiwanja kifuate. Ikapelekwa kwa wenye mashine wakaipime kwa presha. Jibu kesho.

Siku hiyo ya kusubiri jamaa alipanda bodaboda akaenda kwa wakulima. Wa kwanza alicheka, akasema alishajua, gari lake linasikika linavyokohoa toka mbali. Wa pili alitaka tarehe, akaandika kwenye karatasi na kumsainisha. Wa tatu, yule wa matenga ishirini, alisikiliza mpaka mwisho akasema sawa, akarudi kupalilia.

Kesho yake simu ikaja: hakuna ufa. Hedi ikaskimiwa kidogo tu, na mzee akahakikisha valvu hazichomozi baada ya kuskimu. Akasafisha uso wa bloku kwa kikwangua, bila ile mashine ya msasa ambayo vijana wanaipenda na ambayo inachimba mashimo. Matundu ya boliti akayapuliza moja moja, kwa sababu ukiacha maji ndani, boliti inakaza juu ya maji, unadhani imebana kumbe bado, na bloku inaweza kupasuka. Halafu akapima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, maana gasketi za injini hizi zinauzwa kwa unene tofauti wenye alama zake, siyo kuokota yoyote dukani. Ililetwa kutoka Gerezani, Kariakoo, kwa basi la usiku, na boliti mpya. Zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, na spana ya kupimia nguvu. Mama alikuwa amesogea karibu anahesabu naye.

Na rejeta. Ilipofunguliwa, zaidi ya nusu ya mirija yake ilikuwa imezibwa na kutu la maji ya bomba. Hiyo ndiyo iliyounguza gasketi ya kwanza na ingeunguza ya pili na ya kumi. Ikasafishwa, themostati mpya ikarudishwa. Kwenye injini nyingi za namna hii ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na ndo gari linazidi kuchemka mlimani. Kulanti badala ya maji matupu. Oili mpya. Ikawashwa mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa yote itoke.

Gharama yote iligonga laki tisa na ushee. Mama alilipa laki sita, tatu mzee akakubali zisubiri msimu.

Safari ya kwanza kutoka Morogoro walirudi wote. Kitonga walipanda nyuma ya lori la mbao, mama macho kwenye mshale, hakuna aliyeongea. Mshale ulifika katikati ukakaa. Kule juu, upepo wa baridi ulipoingia dirishani, mama akawasha redio.

Dumu bado liko nyuma ya kiti. Mama amelichora mstari kwa kalamu ya wino mahali maji yanapoishia, na kila Jumamosi analitoa anaangalia. Kisha anafungua boneti, injini ikiwa baridi, anaangalia na rejeta. Mume anasimama pembeni anangoja amalize. Wakulima wawili wamelipwa na wanampa nyanya kama zamani. Wa tatu amelipwa pia, ila mzigo wake anampa mwenye Kirikuu. Wakikutana barabarani wanasalimiana, habari za nyumbani, nzuri, basi.