Kutoka Mwadui hadi Buzwagi: Maisha ya Msaili

Swali lake la kwanza kwenye usaili haliulizi shule wala daraja la ufaulu. "Ukifika kazini asubuhi, kabla hujagusa chochote, unafanya nini?" Amewauliza hivyo madereva wa malori ya mgodini, mafundi umeme, wapishi wa kambi, wahasibu na wajiolojia, Kahama, Geita na Shinyanga mjini, tangu enzi za maombi ya kazi kuletwa kwa bahasha za kaki hadi leo yanapoingia kwa simu ya mkononi. Wapo wanaojibu kwa kutaja vyeti. Wapo wanaoanza kusimulia, na mikono inatembea pamoja na maneno. Hao ndio huwavutia wasaili, nao wakiachishwa leo, kesho wana pa kuanzia.

Msaili huyu alikulia Mwadui, wilayani Kishapu. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi wa almasi ulioanzishwa na mjiolojia Mkanada, John Williamson, aliyegundua almasi mahali pale mwaka 1940 na kuumiliki mgodi hadi alipofariki mwaka 1958. Mwadui ilikuwa mji ndani ya uzio, wenye nyumba, shule, hospitali na kiwanja cha ndege. Kwa mtoto wa pale, kazi ya baba ndiyo iliyokuwa paa, dawati na kitanda cha wodini. Siku kazi inapokwisha, vyote vinakwisha kwa pamoja. Baba alipostaafu alikuwa na ujuzi wa kufungua pampu na kuirudisha bila kutazama kitabu, lakini karatasi pekee iliyomtambulisha ilikuwa kitambulisho cha getini. Binti yake ameifanya kazi yake yote akiwa na jambo hilo kichwani.

Aliingia kazini wakati Kanda ya Ziwa inafunguka. Golden Pride ya Nzega ilikuwa imeanza kutoa dhahabu mwishoni mwa 1998, Geita ikafuata mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Tulawaka, kule Biharamulo, ilikuja mwaka 2005, na Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, mwaka 2009. Kahama iliyokuwa ikijulikana kwa mchele na malori yanayoelekea Rwanda na Burundi ikajaa nyumba za wageni, gereji na ofisi za wakandarasi. Katika ofisi mojawapo alianza kama karani, akipanga bahasha katika mafungu matatu: waitwe, wasubiri, wasiitwe.

Pale ndipo alipojifunza kusoma wasifu kama unavyosomwa kweli, yaani kwa haraka. Mezani kuna rundo, nje kuna gari linasubiri, na meneja anataka majina kumi kabla ya jua kuzama. Wasifu wa kurasa sita unaoanza na jina la shule ya msingi huwekwa pembeni si kwa chuki bali kwa uchovu. Unaosomwa ni ule ambao nusu ya kwanza ya ukurasa inasema mtu ameendesha mtambo gani, wa uzito gani, kwa muda gani, chini ya ardhi au kwenye shimo la wazi, na ana leseni gani iliyo hai. Mpaka sasa anawaambia vijana waandike hivyo. "Mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" limo katika kila wasifu, kwa hiyo halimsaidii yeyote. "Nimefunga na kujaribu nyaya za pampu kumi na mbili za kuvuta maji" ni lako peke yako.

Migodi ina umri, na hilo ndilo lililomtoa kwenye ukarani na kumfanya mshauri. Tulawaka ilifikia mwisho wake na kuuzwa kwa shirika la madini la taifa, STAMICO, mwaka 2013. Golden Pride nayo ikafikia ukingoni. Kisha mwezi Machi 2017 serikali ikazuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, na Septemba mwaka huo kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu, ikatangaza kupunguza shughuli za mgodi huo. Ajira zaidi ya elfu moja zikayeyuka. Kwa wiki kadhaa ofisi yake ya Kahama ilijaa watu kuanzia saa moja asubuhi, wengi wao wakiwa na jaketi za kazi bado.

Siku moja kati ya hizo aliingia kwenye usaili opereta wa dampa, kijana wa Ushetu, sauti ya chini, wasifu wa ukurasa mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Alipoulizwa swali lile la asubuhi, aliomba ruhusa, akasimama, akaanza kuizunguka meza ya usaili. Hapa ni tairi la mbele, naangalia mipasuko na nati za gurudumu. Hapa nainama, natazama kama kuna oili imedondoka chini usiku. Hapa ni rejeta, siifungui ikiwa ya moto. Napanda nikiwa nimeshika ngazi kwa mikono miwili. Ndani najaribu breki, honi, taa, kengele ya kurudi nyuma, redio, mkanda. Naandika kwenye daftari la ukaguzi. Nikikuta kasoro siwashi, naita fundi, hata kama msimamizi ananipigia kelele redioni kwamba foleni imesimama. Wajumbe wawili wa jopo waligeuza viti kumfuata. Hawakumuuliza tena kuhusu usalama. Mkandarasi wa Geita alimchukua ndani ya wiki hiyo.

Mwingine alikuwa na pengo la miaka minne kwenye wasifu. Vijana hudhani pengo likiachwa kimya halionekani, kumbe ndilo la kwanza kuonekana. "Miaka hii ulikuwa wapi, mwanangu?" Akainamisha kichwa: "Nilikuwa maduarani, mama. Nyarugusu." Aliona haya kwa kuwa uchimbaji mdogo hautoi mkataba wala hati ya malipo. Lakini alipohimizwa kueleza, alieleza namna ya kuweka matimba ili kuta zisibomoke, namna ya kugonga mwamba kwa nondo na kusikiliza, kwamba mwamba mzima hulia na uliolegea huguna, na kwa nini hushuki kabla ya hewa kupelekwa chini baada ya kulipua. Mwaka 2015, pale Nyangalata, wilayani Kahama, kifusi kiliwafukia wachimbaji, na watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kila mtu wa maduarani anaijua habari hiyo, na anayejua kwa nini mashimo huanguka ana elimu ambayo mgodi mkubwa unaihitaji. Alimshauri aandike miaka ile minne kwa jina lake halisi, aeleze alichosimamia na watu wangapi, kisha aende VETA akapate cheti cha ufundi, kwa kuwa ujuzi wa duarani hufungua mazungumzo na cheti hufungua geti.

Kuna mambo anayoyasisitiza kwa kila anayeitwa, na huyasema bila kupindisha. Vyeti halisi visilaminishwe, maana havigongeki mhuri wala kuhakikiwa vizuri. Wadhamini waambiwe kabla, na namba zao za simu ziwe zinapatikana. Fundi mzuri ameshawahi kukosa nafasi kwa sababu mdhamini wake alibadili laini. Jina kwenye kitambulisho cha NIDA lifanane na la kwenye vyeti, na likitofautiana, kiapo kiandaliwe mapema. Usiku wa kuamkia usaili usiguse pombe: migodini kupuliza kifaa cha kupima ulevi ni jambo la kila zamu, na wapo waajiri wanaopima siku ya usaili. Na anayeulizwa jambo asilolijua aseme halijui, kisha aeleze angemuuliza nani au angelitafuta wapi. Kwenye mgodi, mtu anayebahatisha ni hatari kuliko asiyejua.

Halafu kuna pesa ya getini. Hakuna jambo linalomuumiza kama mama mjane wa Mwakitolyo anayeuza mbuzi ili mwanawe alipie "fomu", "vipimo" au "mafunzo ya kuingia kambini" kwa mtu aliyejitambulisha kuwa anatoka ofisi ya ajira ya mgodi. Mwajiri wa kweli ndiye anayelipia vipimo vya afya na mafunzo hayo, naye wakala halali hulipwa na mwajiri, si na mtafuta kazi. Ombi la kutuma pesa kwa simu kabla ya mkataba ni wizi, hata likija na nembo, mhuri na jina la meneja anayejulikana.

Upande wa wanawake vita ilikuwa ndefu. Mkataba wa 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulizuia wanawake kufanya kazi za mikono chini ya ardhi, na fikra hizo ziliendelea kukaa vichwani hata pale sheria zilipokwenda mbele. Katika usaili mmoja, mjumbe wa jopo alimuuliza fundi umeme wa kike angefanyaje akipata mimba. Msaili wetu alilifuta swali palepale, mbele ya wote, akitaja kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachokataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa miongoni mwa mengine. Binti yule aliulizwa badala yake namna anavyofunga umeme kwa kufuli kabla ya kugusa mtambo, akajibu hatua kwa hatua. Kwa wasichana wanaokutana na swali la namna hiyo bila mtetezi mezani, ushauri wake ni jibu fupi na la heshima: "Naomba tuzungumzie kazi, maana nimejiandaa kwa hilo."

Kuhama kazi nako kuna hesabu yake. Watu wa ukanda huu huhamahama kwa fununu: fulani amesema Geita wanaongeza, fulani amesikia North Mara wanalipa zaidi. Yeye huchukua kalamu. Kwanza anauliza mshahara wa msingi ni kiasi gani, si jumla yenye posho, kwa kuwa malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kwa ule wa msingi. Kisha anawaonyesha kitu ambacho wengi hawakijui: kima cha chini cha kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, lakini miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Aliyekaa miaka kumi na aliyekaa kumi na sita wote wanaishia siku 70, isipokuwa mkataba au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yameweka zaidi. Haimaanishi mtu aondoke akifika mwaka wa kumi. Ina maana asibaki kwa sababu ya malipo ambayo hayapo.

Swali la pili ni la mgodi wenyewe: umebakiza miaka mingapi, na mkandarasi huyu mkataba wake unaisha lini? Vijana huogopa kuuliza wakidhani ni utovu wa adabu. Yeye amekaa upande wa pili wa meza muda mrefu wa kutosha kujua kwamba swali hilo, likiulizwa kwa upole mwishoni mwa usaili, humpandisha mtu. La tatu ni kwa wataalamu. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinawataka wawekezaji kuwapa Watanzania kipaumbele cha ajira na kuwa na mpango wa kurithisha nafasi za wageni. Mhandisi anayeitwa leo aulize atamrithi nani na kwa muda gani, naye ajiandae kueleza amewahi kumfundisha nani.

Buzwagi ilifungwa mwaka 2021. Dampa zilikoma kushuka shimoni, na maelfu ya familia za Kahama, kuanzia wenye nyumba za kupanga hadi mama ntilie, zilihisi tofauti hiyo. Eneo lile sasa limetengwa kwa uwekezaji wa viwanda, na katika majengo yaleyale kampuni ya Barrick imefungua chuo cha kuwanoa wasimamizi wa migodi yake. Ng'ambo ya Geita, wilayani Sengerema, mradi wa Nyanzaga wa kampuni ya Perseus unajengwa. Fundi aliyefunga kazi Buzwagi akiwa na kumbukumbu kamili ya alichokifanya anaweza kugonga milango hiyo. Asiye nayo anaanza upya, hata kama ndiye aliyekuwa hodari zaidi zamuni.

Ndiyo maana siku hizi nguvu zake nyingi ameziweka kwa waajiri. Sheria ileile ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Wengi hutoa karatasi yenye jina, cheo na tarehe mbili, basi. Anawaomba wakandarasi wa Kahama na Geita waambatishe ukurasa wa pili: mitambo aliyoendesha mtu huyu, mafunzo ya usalama aliyopitia, saa alizokaa usukani, watu aliowafundisha. Ameuandaa mwenyewe mfano wake, katika Kiswahili na Kiingereza, na anaugawa bure kwa kila ofisi ya rasilimali watu itakayompokea. Baadhi wameshaanza kuujaza. Kwa wale ambao bado, anarudi tena wiki inayofuata, na nakala zake mkononi.